Kilomita 42 mwishoni mwa kaskazi

Hapa Malindi hatuna majira ya machipuko. Wanaoyataja ni majirani zetu Waitaliano, ambao Pasaka ikishapita hufunga nyumba zao za makuti, hufunika viti kwa mashuka, huwaachia walinzi funguo na kurudi kwao, ambako wanatuambia kuwa miti inachanua na hewa ni ya kupendeza. Sisi tunaobaki huwa tumo katika wiki nzito kuliko zote za mwaka. Kaskazi imeishiwa nguvu, kusi haijaanza kuvuma, bahari imelala kama mafuta ndani ya sahani, na mawingu ya masika hujikusanya kila alasiri upande wa bara kisha yakatawanyika bila kutuachia hata tone. Wazee huuita wakati huu tangambili, kwa kuwa upepo hauna mwelekeo mmoja. Mchana joto hufika nyuzi 32 au 33, na usiku halishuki sana, kwani unyevu uliojaa hewani haulipi nafasi ya kuondoka.

Ni katika wiki hizo, Jumapili moja baada ya Idi, nilipokimbia kilomita 42 na mita 195, yaani marathoni nzima, kwa mara ya kwanza maishani mwangu, na tangu siku hiyo sijapita sokoni bila kuulizwa swali lile lile: kwa nini hukungoja Julai, kusi inapovuma na hewa ikapoa?

Jibu langu ni kwamba mama mwenye nyumba hachagui majira, hupewa. Mimi ni fundi wa cherehani, mume wangu ni dereva wa tuktuk, na tuna watoto watatu: kifungua mimba wetu ni mvulana wa miaka kumi na minne, wa kati ni binti wa miaka kumi, na kitinda mimba ametimiza mitano. Julai na Agosti wageni hujaa hotelini, na baba watoto hutoka kabla ya jua kuchomoza na kurudi watoto wakiwa wamelala. Desemba na Januari ni hivyo hivyo, pengine zaidi. Mwezi wa Ramadhani cherehani yangu hailali, kwa sababu kila mama wa mtaa wetu anataka nguo za watoto ziwe tayari kabla ya mwezi kuandama, na kila mmoja anaamini kuwa yeye ndiye aliyeleta kitambaa mapema. Ukizihesabu wiki zote za mwaka, zile ambazo shule zimefungwa, mume hana abiria wa kumweka barabarani kutwa, na cherehani imenyamaza, zinabaki hizi za Aprili peke yake. Siku ambayo nyumba yangu iliweza kunipa asubuhi nzima ndiyo hiyo hiyo siku ya joto. Basi sikuwa na la kufanya ila kulisoma joto lenyewe.

Nilianza kukimbia miaka mitatu iliyopita, na sikuanza kwa kupenda. Nilikuwa nimempeleka mtoto kliniki, na muuguzi, ambaye tunafahamiana tangu utotoni, akanifunga mkanda wa kupimia shinikizo la damu kwa vile tu nilikuwa nimekaa mbele yake bila la kufanya. Alipima mara tatu, na mara ya tatu hakunitajia namba, alinishika mkono. Kazi ya cherehani ni ya kukaa, na mimi nilikuwa nimekaa kwa miaka kumi na mitano. Tulianza kutembea pamoja ufukweni, chini ya mivinje, hadi Nguzo ya Vasco da Gama na kurudi, na baada ya miezi minne hivi tukajikuta tunakimbia bila kuambiana. Yeye ndiye aliyeitaja Watamu kwanza. Kutoka gati la Malindi ukifuata barabara ya Mombasa hadi Gede, kisha ukakata kushoto kuelekea Watamu, ukigeuka katikati ya njia hiyo na kurudi ulikotoka unapata kilomita 42. Hatukuwa na mwandalizi, ada wala medali. Tulikuwa wanawake watano na tuktuk moja.

Aliyenifunza joto ni mwezi wa Ramadhani. Mwaka huu ulimalizika Machi, kwa hiyo tulifunga katika siku kali za mwisho wa kaskazi. Saa tisa alasiri nilikuwa nikizima cherehani na kuingia jikoni, ambako ni chumba cha mabati chenye dirisha moja, majiko mawili ya makaa yakiwaka, moja likiwa na mbaazi za nazi na moja likiwa na mafuta ya kukaangia kaimati. Nilipokuwa nikikuna nazi, nimekaa juu ya mbuzi, jasho lilitiririka kutoka mabegani hadi viwikoni na kutoka viwikoni hadi viganjani, nikawa nafunga vipande vya kitambaa juu ya vifundo vya mikono lisije likadondokea ndani ya nazi. Huko nje mtu anayefanya hivyo angesemwa kuwa anafanya mazoezi magumu. Jikoni anaitwa mama anayepika futari.

Nikaanza kumwangalia mavyaa wangu, ambaye tunaishi naye, na ambaye amepika futari kwa zaidi ya miaka hamsini. Kamwe hana papara. Akishageuza kaimati za mkupuo mmoja huinuka, hutoka, huketi kizingitini, hulowesha ncha ya leso ndani ya kata ya maji, hujipangusa shingo, kisha vifundo vya mikono, kisha nyuma ya masikio, hukaa kidogo bila kusema neno, ndipo hurudi ndani. Mimi niliyekuwa nikijitahidi kumaliza haraka nilikuwa nikitoka jikoni kichwa kinaniuma, naye alitoka na uso mkavu, chakula chetu kikawa mezani kwa wakati mmoja. Nilimtazama kwa siku kadhaa kabla sijaelewa kuwa ninachokitazama ni ustadi.

Sikukimbia nikiwa na saumu, na nisingemshauri mtu yeyote akimbie masafa marefu hali amefunga katika joto kama hili. Tulikuwa tukitoka baada ya tarawehe, kama saa nne usiku, mara tatu kwa wiki, kilomita sita au nane ndani ya mji mahali penye taa, mwanangu mkubwa akitufuata kwa baiskeli. Usiku huo haukuwa na ubaridi wowote. Lakini nilikuwa nimesoma, na muuguzi wetu alithibitisha, kuwa mwili huchukua siku kumi hadi kumi na nne kuzoea joto ukilizoezwa kila siku: mtu huanza kutoka jasho mapema zaidi, jasho huwa jingi lakini lenye chumvi pungufu, maji ya damu huongezeka na moyo hupunguza papara yake. Kwa hiyo jiko la futari na mbio za usiku nilivihesabu pamoja, na mwezi ulipoandama nilikuwa tayari nimezoea.

Jambo ambalo wengi hulikosea ni kufikiri kuwa jasho humpoza mtu kwa kutoka. Jasho humpoza mtu kwa kukauka. Mtu anapokimbia, karibu robo tatu ya nguvu anazozitumia hugeuka joto, na robo tu ndiyo inayomsukuma mbele, hivyo mwili hulazimika kulitupa joto hilo nje kwa njia ya ngozi. Katika hewa kavu jasho hupaa na kuliondoa. Katika hewa yetu ya tangambili, iliyokwisha kushiba maji, jasho hudondoka chini kama maji ya bomba bovu, na kila tone linalodondoka ni maji uliyoyapoteza pasipo kupozwa. Moyo nao hutakiwa kupeleka damu misulini kwa ajili ya kukimbia na ngozini kwa ajili ya kupoa, na hauwezi kuzitosheleza pande zote mbili kwa ukamilifu. Mbio ambazo Julai ni rahisi, Aprili huwa ngumu kwa sababu hiyo tu, hata miguu iwe na nguvu kiasi gani.

Nyuma ya nyumba yetu kuna mnunuzi wa vyuma chakavu mwenye mizani kubwa ya chini. Asubuhi moja wiki ya kwanza ya Mfunguo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, nilipanda mizani hiyo kabla ya kukimbia, ikasoma kilo 68.4. Nilikimbia saa moja kamili, nikajifuta, nikapanda tena: kilo 66.9. Binti yangu aliyekuwa akiandika namba kwenye daftari lake la hesabu aliinua macho na kuniuliza kile kilo moja na nusu kimekwenda wapi, nami nikamwonyesha gauni langu, ambalo ungeweza kulikamua. Kilo moja iliyopungua ni kama lita moja ya maji. Tumbo la mkimbiaji halipokei kwa raha zaidi ya lita moja kwa saa, mara nyingi ni chini ya hapo, kwa hiyo hesabu haiwezi kulingana kwa kunywa peke yake. Hulingana kwa kupunguza mwendo, ili joto linalozalishwa lipungue na jasho nalo lipungue.

Kuna hatari nyingine upande wa pili, ambayo huwapata hasa wanaokimbia taratibu kwa saa nyingi kama sisi. Ukinywa maji matupu kupita kiasi, chumvi iliyomo katika damu huchujuka, na mtu huanza kuvimba vidole, kuumwa na kichwa, kutapika na kuchanganyikiwa, akadhani ana kiu akazidi kunywa. Watu wamefariki kwa jambo hili. Kinga yake ni kutokunywa kupita kiasi, na cha kunywa badala ya maji matupu kila mama wa pwani anacho tayari, kwa kuwa ndicho tunachowapa watoto wanapoharisha: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Niliweka pia madafu, kwa sababu ninayapenda na tumbo langu huyakubali hata linapokataa vingine, ila nilijua kuwa madafu yana potasiamu kwa wingi na chumvi kidogo tu, hivyo hayawezi kuchukua nafasi ya maji ya chumvi na sukari.

Vazi nililishona mwenyewe, na ninaona fahari kulisema. La kwanza lilikuwa la pamba, kwa kuwa tumezoea kusema pamba ni baridi, lakini pamba hunywa jasho na kulihifadhi, na baada ya kilomita kumi nilikuwa nimebeba ndoo mwilini. La pili nililikata kwa kitambaa cha jezi chepesi, mikono mirefu na mipana, urefu hadi magotini, mipasuko miwili ubavuni, suruali chini yake, na mtandio mfupi wa kitambaa hicho hicho unaofungwa nyuma usiguse shingo. Mishono ya kwapani nilipaswa kuifumua na kuishona upya nje, kwa maana uzi mmoja ulinikwaruza hadi nikatoka damu. Rangi nilichagua nyeupe ya maziwa, isiyonyonya jua. Watu hudhani kuwa vazi la stara ndilo linalomchosha mwanamke katika joto. Kwa uzoefu wangu, kitambaa kibaya ndicho kinachochosha, na mkono mrefu uliokatwa vizuri hukukinga jua la saa nne kuliko ngozi tupu.

Nilijifunza pia kwa kuwatazama wakubwa wa mchezo huu, ambao ni ndugu zetu wa Bonde la Ufa. Wao hujifua Iten, mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, ambako asubuhi mtu huvaa sweta, na hata hivyo wamewahi kushinda katika joto kali. Tarehe 16 Aprili 2012, kwenye marathoni ya Boston huko Marekani, ambako Aprili ndiyo machipuko yenyewe, joto lilipita nyuzi 30. Waandalizi walikuwa wamewaruhusu waliojisajili waahirishe hadi mwaka uliofuata. Geoffrey Mutai, aliyekuwa ameshinda hapo mwaka 2011 kwa saa 2:03:02, aliacha njiani kwa maumivu ya tumbo. Aliyeshinda ni Wesley Korir, aliyewaacha wenzake watangulie, akaenda kwa kadiri ya joto, kisha akawafuata mmoja mmoja na kumaliza kwa saa 2:12:40. Wanawake waliongozwa na Sharon Cherop kwa saa 2:31:50.

Lakini niliyemrudia mara nyingi zaidi ni Peres Jepchirchir, kwa sababu naye ni mama. Mbio za marathoni za wanawake za Olimpiki ya Tokyo zilihamishiwa Sapporo, mji wa kaskazini mwa Japani, kukimbia joto, na joto likazifuata huko huko, hata saa ya kuanza ikavutwa nyuma hadi saa kumi na mbili asubuhi, siku ya tarehe 7 Agosti 2021. Alishinda kwa saa 2:27:20, hali miezi minane kabla ya hapo alikuwa amekimbia Valencia kwa saa 2:17:16. Dakika kumi nzima. Bingwa wa Olimpiki alipunguza dakika kumi za mwendo wake ili apate dhahabu, na mimi fundi wa Malindi nani nisipunguze? Usiku wa Doha mwaka 2019, mbio za dunia za wanawake zilipoanza karibu na saa sita ili kuepuka jua, waliosimama mstarini walikuwa 68 na waliomaliza 40. Namba hizo nilizibandika ukutani juu ya cherehani.

Mavyaa hakupendezwa. Hakunikataza, kwa kuwa si desturi yake kukataza, ila kila nilipofunga kamba za raba aliniuliza kwa upole, "Mwanangu, una watoto watatu, unakimbilia nini?" Mtaani walisema mengi zaidi, na sitayarudia hapa. Mume wangu alisema jambo moja tu, kwamba hatutaondoka gizani, kwa kuwa anaijua barabara ya Mombasa na malori yake kuliko sisi sote, na kama tunataka tuktuk yake itufuate basi tutaswali alfajiri nyumbani na kuondoka kukianza kupambazuka. Kuanza saa tisa usiku kungetuepushia jua, nami nilikuwa nimelipigania jambo hilo kwa wiki mbili. Nikakubali. Joto lina dalili unazoweza kuziona likija, lori lisilo na taa halina.

Saa kumi na moja na nusu tulikuwa gatini, wavuvi wa usiku wakipandisha samaki. Ndani ya tuktuk kulikuwa na ndoo mbili za barafu zilizofunikwa kwa magunia, madumu ya maji ya chumvi na sukari, madafu ishirini, ndizi, tende zilizobaki za Ramadhani, leso nne na watoto wangu watatu, mdogo akiwa amelala juu ya gunia. Kanuni yetu ilikuwa moja: muuguzi akimwambia mtu apande tuktuk, mtu anapanda, hakuna mjadala.

Kilomita kumi za kwanza sina mengi ya kusema juu yake. Tulikimbia taratibu kiasi cha kuweza kuzungumza, dakika saba na nusu kwa kilomita, na kila kilomita mbili tulitembea dakika moja tukinywa mafunda machache. Msabaha jua lilitukuta upande wa kushoto, jekundu na kubwa, na watoto wenye madumu ya maji vichwani walitukimbiza kidogo wakicheka. Tulipofika Gede, mahali ambapo msitu wa Arabuko-Sokoke hauko mbali, hewa ilikuwa bado haijawa ya moto, nikalifikiria lile gofu la mji lililo nyuma ya miti, mji uliohamwa katika karne ya 17, na ambao miongoni mwa sababu zinazotajwa za kuhamwa kwake ni visima kukauka. Sikuwahi kulitilia maanani jambo hilo nilipokuwa nikiwapeleka watoto kutembea. Asubuhi ile, nikiwa na kikombe mkononi, nilielewa jinsi mji mzima unavyoweza kufungasha na kuondoka.

Tuligeuka saa mbili na dakika kumi. Baada ya hapo jua likawa upande wa kuume na juu, na kivuli changu kilichokuwa kirefu kikaanza kunifupikia miguuni. Kuanzia saa tatu lami yenyewe ilikuwa ikitoa joto. Kilomita ya ishirini na nane, mwenzetu mmoja, mwalimu wa chekechea, aliacha kuzungumza. Hakulalamika, aliacha tu kujibu. Muuguzi alimwuliza jina la mwanawe wa mwisho, naye akachelewa kulitaja. Akapandishwa tuktuk pale pale, akafungwa leso ya barafu shingoni, na baada ya robo saa alikuwa akila tende na kumsimulia kitinda mimba wangu hadithi. Ninataka niseme wazi kuwa yeye ndiye aliyekimbia kwa akili kuliko sisi wote, kwa sababu alitii.

Zamu yangu ilikuja kilomita ya thelathini na tatu. Jua linawaka, na mimi malaika ya mikono yakanisimama, nikahisi baridi. Nilikuwa nimesoma juu ya dalili hiyo, na hata hivyo kitu ndani yangu kiliniambia niendelee, kwamba zimebaki tisa tu. Mwanangu mkubwa ndiye aliyeona. "Mama, mbona unatetemeka?" Nikasimama. Kulikuwa na mkilifi kando ya barabara, nikaketi chini ya kivuli chake, miguu nimeinyoosha, na mume wangu akanimwagia maji ya barafu kichwani na mgongoni huku binti yangu akinipepea kwa kifuniko cha ndoo. Nilipopata fahamu zangu vizuri niliilowesha ncha ya leso, nikajipangusa shingo, vifundo vya mikono na nyuma ya masikio, nikakaa bila kusema neno. Dakika kumi na tano zilipita. Matatu mbili zilipunguza mwendo kututazama. Muuguzi alinishika mkono, akahesabu mapigo, akanitazama machoni, akaniuliza tarehe, akaniuliza bei ya mita moja ya kitambaa cha jezi, na nilipomjibu vyote akasema ninaweza kwenda, lakini kwa kutembea hadi kilomita ya thelathini na tano.

Kutoka hapo hadi gatini nilitembea karibu sawa na nilivyokimbia. Nilikimbia kutoka kivuli hadi kivuli, mkanju hadi mwembe, mwembe hadi ukuta wa duka, na palipokuwa peupe nilitembea na leso ya maji kichwani. Tulifika watatu, saa tano na dakika ishirini na tano, baada ya saa tano na dakika hamsini na tano za njia. Wa nne alifika dakika ishirini baadaye, akiwa na tuktuk nyuma yake. Watu wa gatini hawakujua tumetoka wapi. Kitinda mimba wangu alishuka, akanikumbatia magoti, akajitenga akisema nina chumvi.

Na kweli nilikuwa nayo. Nilipofika nyumbani vazi lilikuwa limekwisha kukaukia mwilini, na juu ya ule weupe wa maziwa kulikuwa na mistari mingine ya chumvi, duara ndani ya duara, kama alama ambazo maji ya bahari huacha mchangani yanapokupwa. Kwenye mizani ya vyuma chakavu nilikuwa nimepungua kilo mbili. Mavyaa alilichukua vazi bila kuniuliza, akaligeuza mwangani, akapitisha kidole kwenye mstari mmoja, kisha akalitumbukiza kwenye beseni mwenyewe.

Chakula alikuwa amepika yeye: wali wa nazi na changu wa kupaka. Alinipakulia kwanza, kabla ya mwanawe, jambo ambalo halijawahi kutokea katika nyumba ile. "Mchuzi nimeuzidisha chumvi kidogo," akasema. "Kula."

Mvua ya kwanza ya masika ilianguka Jumatano usiku, ikapiga mabati hadi alfajiri, na asubuhi watoto walitoka kucheza kwenye madimbwi kabla ya kunywa chai. Muda wote huo nilikuwa nikishuka ngazi kwa kushikilia ukuta. Yule mwalimu wa chekechea amekwisha kuuliza tarehe ya mwakani. Nina oda nne za vazi lile mezani. Watatu wamekuja kupimwa, na wa nne, ambaye ni mchuuzi wa samaki pale gatini, anataka lake liwe la kijani, nami ninajaribu kumshawishi achukue jeupe.